Wanataka kununua studio yetu ya gemu: tuuze au tusiuze?

SWALI: Shikamoo mama wakili. Sisi ni vijana watatu wa Langoni, Lamu. Tangu 2021 tunatengeneza gemu za simu, na hii ya karibuni, ya mashindano ya mashua, imependwa hadi ng'ambo. Tumeajiri vijana wawili. Sasa kampuni moja ya nje inataka kununua studio nzima. Watatupa nusu ya pesa tukitia saini, na nusu baada ya miaka miwili tukifikia malengo. Wanasema hakuna kitakachobadilika. Mwenzangu mmoja anataka kuuza kesho, mwingine hataki hata kusikia, mimi niko katikati. Michoro ya matanga alichora binamu yangu, na nyimbo za mabaharia tulirekodi kwa wazee wa Matondoni. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na wasalimie wenzako wote wawili, hasa huyo asiyetaka kusikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho limekwama palepale: "hakuna kitakachobadilika." Maneno hayo nimeyasikia humu ofisini Malindi tangu kabla sijajua gemu ni mdudu gani. Wameambiwa wenye viwanja vya ufuoni, wameambiwa wenye hoteli ndogo, na nyinyi wa Lamu mnayajua kwa nyumba. Mzee anauza nyumba ya mawe ya babu yake kule Shela, mnunuzi anamwambia, "Mzee, hapa bado ni kwako, ingia utakapo." Na mnunuzi ni mtu mwema, anasema kwa moyo safi. Miaka sita baadaye naye anauza kwa mwingine ambaye hakumwahidi mzee chochote. Mzee akija, anamkuta askari mlangoni anamuuliza anamtaka nani. Hapo hakuna aliyesema uongo. Ahadi ilikuwa ya mtu, na mtu kaenda zake.

Basi lishike hili kabla ya bei: yule kijana mchangamfu anayewapigia simu ya video siye mtakayeishi naye. Mtaishi na karatasi. Karatasi ndiyo itakayobaki atakapohamishwa idara, kampuni yake itakapobadilisha mkurugenzi, au yenyewe itakaponunuliwa na mkubwa zaidi. Gemu mngeweza kuikodisha na studio ikabaki yenu. Wao wanaomba usukani, yaani nani ataamua gemu ipi itengenezwe, itoke lini, na nani afutwe kazi. Kila mnachotaka kibaki mikononi mwenu lazima kiandikwe sasa, wakati bado wanawahitaji.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Tango Gameworks, studio ya Tokyo. Ilianzishwa 2010 na Shinji Mikami, anayeheshimika sana kwa gemu za kutisha. Mwaka huohuo ikachukuliwa na ZeniMax, kampuni ya gemu ya Marekani. Mwaka 2021 Microsoft ikakamilisha kuinunua ZeniMax nzima kwa dola bilioni 7.5, na Tango ikahama nayo kama punda aliyeuzwa pamoja na shamba. Januari 2023 wakatoa Hi-Fi Rush, gemu ya mapigo ya muziki iliyosifiwa kotekote na kushinda tuzo. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio. Agosti mwaka huo Krafton ya Korea Kusini ikaiokota, pamoja na haki za Hi-Fi Rush, na kazi ikaendelea. Hesabu mikono iliyopita hapo. Katika safari yote hiyo, mwenye studio alikaa mezani kama muuzaji mara moja tu, ile ya kwanza. Zilizofuata, waliofanya kazi vizuri na kushinda tuzo walisomewa habari kama sisi tulivyozisoma.

Sisemi hivi ili kumpa ushindi mwenzako asiyetaka. Kuna waliouza wakafaidi. Watu wa studio ya Mojang waliiuza, pamoja na gemu yao ya Minecraft, kwa Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Waanzilishi watatu wakaondoka na pesa zao, na gemu ikaendelea kukua bila wao. Double Fine, studio ya Tim Schafer, ilinunuliwa na Microsoft hiyohiyo 2019 ikiwa katikati ya kazi ya Psychonauts 2, na gemu ikatoka 2021, hata kwenye PlayStation, mashine ya mpinzani wa mnunuzi. Pesa iliwapa nafasi ya kumaliza kazi kwa utulivu. Mwenzako anayetaka kuuza kesho huenda amechoka kukesha, au ana mama mgonjwa, au ana deni asilowaambia. Muulizeni kwa upole. Sababu ya mtu kuuza ndiyo inayoonyesha auze kwa namna gani.

Sasa nije kwenye ile nusu ya pili ya pesa, maana hapo ndipo nilipopata mvi.

Mwaka 2021 hiyohiyo Krafton iliyoiokota Tango ilinunua studio ya Unknown Worlds, watengenezaji wa gemu ya Subnautica, kwa dola milioni 500, na ahadi ya nyongeza ya hadi dola milioni 250 mapato yakifika kiwango fulani. Julai 2025 wakuu watatu wa studio wakaondolewa, na Subnautica 2 iliyokuwa itoke mwaka huo ikasogezwa hadi 2026. Wauzaji wakaenda mahakamani Delaware, Marekani, wakidai wamecheleweshwa makusudi ili nyongeza isilipwe. Kampuni ikakana, ikasema wakuu hao walikuwa wametelekeza majukumu yao na gemu haikuwa tayari. Mimi sikai hapa kuwahukumu. Ninachokuonyesha ni muundo: anayedaiwa pesa ndiye pia aliyeshika kalenda ya kutoa gemu. Ukimpa mtu deni na saa, usishangae mkizozana kuhusu muda.

Na lilinipata hapa hapa. Miaka kadhaa nyuma nilimsimamia kijana mmoja wa Malindi aliyekuwa na programu ya kuagiza safari za boti kwenda kutazama matumbawe. Mnunuzi, simtaji, aliahidi theluthi ya bei idadi ya safari ikifika kiwango walichokubaliana ndani ya miezi kumi na minane. Kiwango kilikuwa cha haki, hata nilimpongeza mteja wangu. Kisha mnunuzi akaacha kulipia matangazo msimu wa wageni ulipoanza, akasema bajeti imeelekezwa kwingine. Safari zikapungua kidogo tu, zikakosa kiwango kwa chembe. Nikaufungua mkataba kutafuta pale panaposema lazima atangaze. Hapakuwapo. Nilikuwa nimesoma tarakimu kwa makini sana, lakini sikuuliza ni nani anayeshika mfuko wa matangazo. Kosa lile nalibeba mimi.

Kwa hiyo mkikubali pesa ya malengo, chukueni kalamu nyekundu muende neno kwa neno. "Mapato" ni yapi? Kama wameandika mapato baada ya gharama, gharama zipi? Nimeona mkataba ambapo makao makuu yaliruhusiwa kuitoza studio "huduma za usimamizi" kwa kiasi watakachoona kinafaa. Hapo hata gemu ikivuma dunia nzima, faida inaweza kusomeka sifuri.

Nitakupa mfano mmoja ambao vijana wengi hawauoni. Upande wa iPhone, Apple tangu 2021 huwatoza watengenezaji wadogo, wanaopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, asilimia 15 badala ya 30. Lakini katika kuhesabu hiyo milioni moja inajumlisha akaunti za kampuni zenye mmiliki mmoja. Leo mchezaji akilipa shilingi 100, zinabaki 85. Siku mtakapokuwa mali ya kampuni kubwa, kwa shilingi 100 hizohizo zinaweza kubaki 70. Hamjakosea lolote, gemu ni ileile, wachezaji ni walewale, lakini mmeshuka mbali na lengo. Basi lengo lihesabiwe kwa anacholipa mchezaji, kabla ya makato ya duka. Wakikataa, lishusheni lengo lenyewe.

Kisha yaandikwe haya: nani anaamua tarehe ya kutoa gemu; kiasi gani cha chini kitatumika kwa matangazo; na kwamba mkifutwa kazi bila kosa, au gemu ikisitishwa, au studio ikiuzwa kwa mwingine kabla ya miaka miwili, pesa yote ya malengo inaiva siku hiyo. Hili la mwisho watalipinga. Lishikilieni. Na mimi kwa mazoea yangu huwaambia wateja: ile nusu ya kwanza ihesabuni kana kwamba ndiyo bei yote. Kama haiwatoshi yenyewe, basi bei haiwatoshi.

Twende kwa binamu na wazee wa Matondoni. Umeliandika hili mwishoni kama jambo dogo, nami naona ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Wanunuzi hawa watafanya ukaguzi. Wataleta orodha ndefu, na swali lake la kwanza litakuwa: kila mstari wa programu, kila mchoro, kila sauti, ni ya nani, na karatasi iko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwenye hakimiliki msemo huo uko karibu sana na sheria yenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha. Kazi ya mwajiriwa akiwa kazini huhesabiwa ya mwajiri, ila wakikubaliana vingine, kwa hiyo wale vijana wenu wawili wako salama kama mikataba yao ya kazi ipo. Binamu hakuwa mwajiriwa. Nadhani alichora jioni, kwenye baraza, mkamnunulia chakula na bando. Hata kazi ya kuagizwa sheria ina namna ya kuihesabu kuwa ya aliyeagiza, lakini nani aliagiza nani, kwa malipo gani, ni mjadala unaoweza kula miaka mahakamani, na mnunuzi hatangoja. Atafanya moja kati ya mawili: atashusha bei, au atawatia nyinyi watatu saini kwamba kila kitu ni chenu, na likizuka la kuzuka mlipe kutoka mifukoni mwenu.

Kwa hiyo kaeni na binamu wiki hii. Mwambieni ukweli kwamba kuna mnunuzi. Usimletee karatasi ya "kumaliza utaratibu tu" kisha akaja kusikia sokoni kwamba matanga yake yameuzwa kwa dola. Mpeni fungu la haki, asilimia ya bei au kiasi cha moja kwa moja, na yeye ahamishe hakimiliki kwa maandishi. Haki yake ya kutajwa kuwa ndiye mchoraji inabaki yake hata akishahamisha, kwa hiyo jina lake likae kwenye gemu, na mnunuzi ajulishwe mapema.

Wazee ni jambo zito zaidi. Aliyeimba ana haki zake kama msanii juu ya sauti iliyorekodiwa. Na kama nyimbo zenyewe ni za kale, zile za kuvutia chombo na kutweka tanga ambazo hakuna ajuaye nani alizitunga, basi kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hiyo inazungumzia ridhaa ya jamii yenyewe na kugawana manufaa. Mliporekodi mlikuwa vijana wa nyumbani na simu mkononi, wazee wakafurahi kwamba wajukuu wanajali mambo yao. Ridhaa waliyowapa nyinyi hawakuwapa watu wasiowajua. Nendeni Matondoni, wawekeeni ile rekodi waisikie, waambieni inakokwenda. Wakikataa, ondoeni nyimbo kwenye gemu kabla ya kuuza. Mtaweza kutunga nyingine, ingawa nakiri hazitakuwa na ladha ile.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Angalieni kama studio imesajiliwa kama kampuni au kama jina la biashara tu. Vijana wengi wanalipia jina la biashara kwenye eCitizen wakadhani wana kampuni. Jina la biashara halina hisa za kuuza. Kama ndivyo mlivyo, mnunuzi atanunua mali moja moja, na mikataba ya wafanyakazi haitahama yenyewe. Jina la gemu na nembo visajilini KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, usajili hudumu miaka 10 na huongezwa. Mkiuza hisa kwa faida, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, kwa hiyo msigawane pesa vichwani kabla ya KRA kuchukua chake.

Wale vijana wawili mliowaajiri, msiwasahau. Mkishauza, mnunuzi akiwapunguza, Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa notisi na fidia ya angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliomaliza. Aliyefanya kazi miaka miwili anapata siku 30. Mtu aliyekesha nanyi mkitafuta kwa nini mashua inazama kila ikipita kona ya tatu anaondoka na mshahara wa mwezi, huku nyinyi mnanunua viwanja. Andikeni kwenye mkataba wa mauzo kwamba wakipunguzwa ndani ya miaka miwili watalipwa zaidi ya hapo, au wapeni nyinyi fungu lao siku ya kwanza. Naona la pili ni la uhakika zaidi.

Sasa nyinyi watatu. Hujaniambia hisa mmegawana vipi, nitachukulia sawa kwa sawa. Kama hamna mkataba wa wanahisa unaosema vingine, nyinyi wawili hamwezi kuuza hisa za wa tatu bila yeye kukubali, na mnunuzi anayetaka studio nzima hatataka theluthi mbili zenye ugomvi ndani. Kwa hiyo mwenzako asiyetaka kusikia ana nguvu kuliko mnavyodhani, na pengine kuliko anavyojua mwenyewe. Msimzunguke. Nimeona urafiki wa tangu madrasa ukivunjika kwa sababu wawili walikutana na mnunuzi kisirisiri hotelini, mhudumu akamwambia wa tatu.

Kuna njia ambayo huenda ikawatosha nyote, nayo hujaitaja. Waulizeni wanunuzi kama watakubali leseni badala ya kununua. Wao wachapishe na kuitangaza gemu ya mashua kwa miaka mitatu, walipe kiasi mwanzo na asilimia kila robo mwaka, na miaka ikiisha haki zirudi Langoni. Pesa itakuwa ndogo, tena ndogo sana pengine. Lakini jibu lao litawaonyesha wanataka nini. Anayetaka gemu atajadili leseni. Anayekataa katakata huenda anawataka nyinyi watatu kama mafundi, au anataka jina ili aliweke kabatini.

Na kama lazima iwe kuuza, pigania sharti la kurudishiwa: gemu ikikaa miaka kadhaa bila kuuzwa wala kuendelezwa, mna haki ya kuinunua kwa bei iliyotajwa leo. Bungie, studio ya Marekani, walinunuliwa na Microsoft mwaka 2000, na 2007 wakafanikiwa kujitoa na kuwa huru tena. Halo, gemu waliyoizaa wenyewe, ilibaki kwa Microsoft. Waliondoka na mikono yao na akili zao, wakaanza upya. Mwaka 2022 wakauzwa tena, safari hii kwa Sony, kwa dola bilioni 3.6. Bungie walikuwa wakubwa wa kuweza kuanza upya. Nyinyi mna gemu moja iliyovuma. Angalieni pia sharti la kutoshindana: likiandikwa "gemu za simu" kwa miaka mitano, mtakuwa mmeuza na mikono. Libanwe liwe gemu za mashindano ya vyombo vya baharini, mwaka mmoja.

Kwa wiki hii, msitie saini chochote, hata ile watakayoiita barua ya nia isiyofunga. Mara nyingi ndani yake mna kifungu kimoja kinachofunga: msizungumze na mnunuzi mwingine kwa siku 90. Pesa zenu zikianza kuisha siku ya 60, bei inashuka siku ya 61. Wajibuni kwa adabu kwamba mmefurahi, na mnaomba wawaandikie, kwa kurasa zisizozidi mbili, maana ya "hakuna kitakachobadilika": nani ataajiri, nani atapanga tarehe, studio itabaki Lamu kwa muda gani. Mkiipata hiyo karatasi, na ya binamu, na jibu la wazee, tafuteni wakili aliyewahi kushika mikataba ya hakimiliki, si yule wa viwanja tu, muende nyote watatu. Nikiwaona wawili mlangoni pangu, nitawauliza wa tatu yuko wapi kabla sijawaagizia chai.